Nyayo Zilizofia kwa Emanueli

Nyanungu, Tarime
3 Machi 2024

Mwanangu Sarah Emanueli,

Mimi Nchagwa Wangwe nina miaka themanini na moja. Nimewashinda kuishi wenyeviti wanne wa kijiji, daktari mmoja aliyeniambia nijiandae, mapigano matatu ya koo, na rika langu lote isipokuwa mzee mmoja ambaye siku hizi haoni wala hasikii, kwa hiyo simhesabu. Macho yangu bado yapo. Juzi nimemwona mbuzi wa watu kilima cha pili, nikasema yule anachechemea mguu wa nyuma wa kulia. Vijana wakabisha. Wakaenda kuangalia, wakarudi wakanisogezea kiti.

Barua yako nimeipata. Kondakta wa basi la Mugumu aliiacha dukani na mwenye duka akaileta. Unauliza kwa nini sipokei simu. Simu ya hapa ukiongea, duka zima linasikiliza, na wengine wanajibu. Niandikie.

Pole tena kwa baba. Mwezi wa sita utakuwa mwaka. Unasema mnasimika msalaba kaburini na mnataka maisha yake yasomwe mbele ya watu. Ya Issenye unayajua yote, lakini ya huku Nyanungu karatasi iko tupu, na mama yako amekwambia, "Muulize Nchagwa." Amesema vizuri. Hakuna anayejua kuliko mimi. Chukua kalamu, andika.

Emanueli Heche alikuwa jirani yangu. Akikohoa kwake nasikia kwangu. Mwaka 1974 serikali ilisema watu wazima wote wasome, akaletwa yeye kutufundisha, kijana mwembamba kama fimbo ya kuchungia, na mimi mwanaume mwenye ng'ombe na mke na mtoto. Nilikataa. Akaja kwangu kila jioni siku tisa. Siku ya kumi nikakaa chini ili aondoke. Alinishika mkono na kalamu kama mtu anavyomshika ndama anayejifunza kunyonya. Nilijua kusoma kwa miezi minne. Wengine miaka miwili. Yeye alikuwa akisema miezi saba, lakini usiandike saba.

Mwaka 1983 ng'ombe kumi na mmoja wa hapa waliibwa. Nilifuata nyayo siku tatu mpaka mpakani, bila kula, na mvua ilikuwa imenyesha katikati, nikawarudisha wote. Hilo Tarime nzima inalijua. Hakuna nyayo zilizowahi kunipotea toka nitahiriwe. Emanueli alikuwepo safari ile, alibeba maji na unga. Weka hilo, kwamba alibeba maji.

Aliimba vizuri. Alilima mistari iliyonyooka. Wajane waliokuwa na watoto mjini aliwasomea barua zao, na yenye habari mbaya alikuwa anaisoma taratibu. Alimpenda mama yako mpaka tulimcheka.

Mwaka 1991 akahamia Issenye kwa sababu ya malisho. Huku majani yalikuwa yamekwisha.

Ndiyo hivyo. Gati mke wangu anawasalimu.

Nchagwa Wangwe


Issenye, Serengeti
17 Machi 2024

Baba Mkubwa Nchagwa,

Shikamoo. Barua yako tumeisoma nyumbani kwa sauti, na tumecheka mpaka kaka yangu Heche akamwaga chai. Nisamehe, lakini mimi ni mwalimu wa darasa la nne, lazima nisahihishe. Baba umemtaja mara chache, wewe mwenyewe mara nyingi hata nimeacha kuhesabu. Halafu hukula siku tatu, huku baba amebeba unga. Ule unga ulikwenda wapi, Baba Mkubwa?

Kuna kitu kimoja. Nilipofika kwenye "malisho", Heche alisema sawa. Mama hakusema sawa. Alicheka mara moja kwa pumzi ya puani, akachukua ndoo akatoka. Nilimfuata nikamuuliza, akasema, "Mwandikie tena." Basi nakuandikia tena.

Na mimi nikupe ya huku, maana mwenzako ulimkosa miaka mingi.

Baba alikuwa fundi wa baiskeli za wanafunzi wa sekondari, na nusu yao walikula kwetu. Mama akienda mnadani, baba alisonga ugali mwenyewe. Wanaume wakipita walimwita, "Mama Heche, chakula tayari?" naye anaitika, "Tayari, nawa mikono." Sisi watoto wake alitupeleka shule siku ya kwanza akitushika mkono, hata mimi niliyekuwa nataka kukimbia mbele. Kanisani alikuwa anakaa mlangoni ili wazee wapate mahali pa mbele. Na hakuna msiba aliokosa kushika jembe. Alikuja kijana mmoja wa Shinyanga, Mboje, aliyekuwa anatafuta dhahabu huko kwenu, akaugua akafia hapa, hana ndugu. Watu walipokuwa bado wanaulizana nani atachimba, wakamkuta baba ameshafika kiunoni.

Lakini ninalotaka kuliweka juu kabisa ni la nyayo. Huku ni kama kwenu, ng'ombe wakiibwa watu wanafuata nyayo, na mji ambao nyayo zimefia mlangoni kwake ndio unaolipa, hata kama ng'ombe hakuonekana humo. Baba aliwabadilisha. Mwaka ule nilioanza shule alisimama mkutanoni akasema nyayo zisisomwe na mtu mmoja. Wasome watatu, kila mmoja peke yake, bila kusemezana, na kama mmoja amesema "sijui", mji wa mtu usitajwe. Walimzomea. Akakaa, akasimama tena mkutano uliofuata, na uliofuata. Leo ndiyo taratibu ya kijiji chetu, na kuna familia hapa zinasema bila yeye zingekuwa zimeshafukuzwa.

Sijui wazo hilo alilitoa wapi. Nadhani kwako, maana tangu tukiwa wadogo alituambia kwamba msoma nyayo bora Tarime yote ni Nchagwa Wangwe. Naomba uniambie alivyojifunza kwako, niandike.

Mwanao,
Sarah


Nyanungu
2 Aprili 2024

Sarah,

Watatu! Nimecheka. Nyayo zinataka jicho moja linalojua, hazitaki mikutano. Watatu watakuletea habari tatu. Mimi nilisoma peke yangu miaka zaidi ya ishirini, na wanaume arobaini wenye pinde walitembea nyuma yangu bila kuuliza swali. Sikumfundisha hilo la watatu na usiandike kwamba nilimfundisha.

Andika malisho. Mama yako kama anacheka, acha acheke. Kama hayakuwa malisho basi yalikuwa maji. Watu wanahama, wewe hujaona watu wakihama?

Unga tulikula siku ya nne.

Mambo mengine ya zamani hayawasaidii kitu watu waliokaa kwenye viti vya kukodi wanasubiri pilau. Andika kwamba aliimba. Nimeshakwambia aliimba.

Mvua huku ni nyingi. Goti la kushoto linauma, la kulia halijawahi kuuma.

La nyayo usiniandikie tena.

Nchagwa Wangwe


Issenye
6 Mei 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa na hasira, utanisamehe, na usiponisamehe pia sawa.

Heche alikuja huko wiki iliyopita kuwaalika ndugu wa baba. Unajua, maana ulikuwepo. Aliwakuta wazee mmekaa kwenye ritongo, akaona ni heshima kuueleza mkutano wote wa ukoo kwa pamoja kuliko kuzunguka mji kwa mji. Mwenyekiti wenu, mzee Nikolaus, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Wewe ni wa mji gani?"

Akajibu wa Emanueli Heche. Anasema aliona watu wanasogeza viti.

Nikolaus akamwambia, "Kijana, mura, huo mji nyayo zilifia. Hatuli huko, hatuziki huko. Mama yako anajua."

Heche akauliza nyayo gani. Mmoja akacheka: "Za ng'ombe wa mjane, mura. Baba yako alimeza wanne, hakucheua hata mmoja."

Na anasema wewe ulikuwa umekaa pale, kiti cha pili kutoka kwa mwenyekiti, umeshika fimbo kwa mikono miwili. Alikuangalia. Wewe ukaangalia fimbo.

Heche amerudi hataki msalaba usimikwe. Anasema hawezi kusimama mbele ya watu kumsifu mtu aliyeiba ng'ombe wa mjane. Amelisema neno hilo, mwizi, ndani ya nyumba ambayo baba alifyatua matofali yake. Mama alitoka nje. Na mimi, Baba Mkubwa, nikwambie kweli, sikumjibu Heche. Nilikaa. Nikaanza kukumbuka. Kwa nini baba hakutupeleka Nyanungu hata mara moja. Kwa nini lilipopigwa yowe la wizi alikuwa anakaa kwanza kitandani, anashika magoti, ndipo asimame. Nilidhani ni busara. Sasa sijui ilikuwa nini. Baba yangu amekufa mara moja mwaka jana, na wiki hii naona kama namzika tena, na safari hii simjui ninayemzika.

Wasifu uko mezani, kurasa sita. Niambie kama niuchane. Sina swali lingine. Alikuwa mwizi au hakuwa?

Sarah


Nyanungu
11 Mei 2024

Sarah,

Baba yako hakuwa mwizi. Usichane. Mwambie Heche nimesema mimi, na kama haniamini aje anitazame usoni, safari hii sitaangalia fimbo.

Yaliyobaki yanataka muda. Nimeandika karatasi tatu nikazitia motoni. Gati aliniuliza nachoma nini, nikamwambia karatasi za dawa.

Nchagwa


Issenye
20 Mei 2024

Nchagwa Wangwe,

Shikamoo yako ninayo, lakini bado sijaamua kuituma.

Sarah hajui kwamba naandika. Amenionyesha ile barua yako ya maneno machache, na tangu siku hiyo anatembea nayo kwenye mkoba hata akienda kufundisha. Heche ameisoma mara mbili akasema, "Mbona hasemi kwa nini?" Ni kweli, mbona husemi?

Nilimtuma mtoto kwako kwa makusudi. Ningeweza kumwambia mwenyewe tangu siku ya mazishi. Lakini nikisema mimi, ni mke anamtetea mumewe. Lazima litoke mkononi mwako, mkono ambao yeye ndiye aliufundisha.

Nataka ujue kwamba Emanueli alijua. Asubuhi iliyofuata ile siku uliyosema nyayo zimefia kwetu, kabla ritongo haijakaa, alikwenda mpaka kwenye ule mwamba mpana, akapita upande wa pili. Alirudi akakaa karibu na Neema wetu mgonjwa, akaniambia, "Nyayo zipo. Zinaendelea kushuka. Lakini zimekanyagwa na ng'ombe wa Nchagwa, na mbele ya ng'ombe kuna katambuga za Nchagwa." Zile katambuga zako za tairi, ulizozichonga kisigino ili watu wakiona njiani wajue nani amepita.

Nikamwambia nenda kaseme. Akasema, "Nani atanisikiliza mimi habari ya nyayo mbele ya Nchagwa? Mimi ni mtu wa herufi." Halafu akasema, "Atasema mwenyewe. Hili hawezi kukaa nalo."

Basi tukakungoja. Tulikungoja kwenye ritongo, ukasimama ukasema yale uliyosema. Tulikungoja siku wanawake waliponizuia kisimani. Siku tuliyomzika Neema nilikuwa naangalia njia ya kwako kuliko nilivyokuwa naangalia shimo, na hilo sijajisamehe.

Huku aliendelea kuwaambia watoto kwamba wewe ni bora Tarime yote. Nilimgombeza. Akaniambia, "Ni kweli, Klementina, ukitoa siku moja." Yeye alikuwa hivyo. Mimi ile siku moja sijaitoa.

Sarah na Heche hawajui kwamba walikuwa na dada. Tulishindwa kumtaja bila kutaja mengine. Na hilo uwaambie wewe.

Sikuombi uje, nakuomba uandike. Na ujue kwamba barua peke yake haitoshi. Neno la nyayo lililosemwa kwenye ritongo linafutwa kwenye ritongo. Hilo unalijua kuliko mimi.

Klementina


Nyanungu
12 Juni 2024

Sarah,

Haya ndiyo ya kusoma siku ya msalaba. Usinisahihishe, na usipunguze.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 1991, kiangazi. Ng'ombe wanne wa mjane Nyangi walichukuliwa. Yowe likapigwa alfajiri, tukakutana wanaume kama arobaini. Kabla hatujaondoka nikasema mbele yao, kwa sauti, kwamba jua halitafika kichwani sijawaonyesha mlango wa mwizi. Hakuna aliyeniuliza. Nilisema mwenyewe.

Nyayo zilikuwa nzuri. Ng'ombe mmoja alikuwa na ukwato uliopasuka, mguu wa mbele wa kushoto, nikawa namsoma huyo tu. Tulipita karibu na mji wa Emanueli tukaenda mbele mpaka kwenye ule mwamba mpana. Mbuzi wa watu walikuwa wameshapita hapo kwenda majini. Juu ya mwamba sikuona kitu. Nikazunguka. Sikuona kitu. Nikainama kama mtu aliyeona, ili nipate muda. Jua lilikuwa linapanda, na nyuma yangu wanaume arobaini wamesimama kimya wananisubiri. Kijana mmoja akanong'ona, "Mzee zimempotea."

Ningesema ndiyo. Nimelifikiria miaka thelathini na mitatu, ni neno moja tu. Tungegawana, wengine juu, wengine chini, tungeziona kabla ya saa nane. Badala yake niligeuka, nikawarudisha nyuma mpaka mlangoni kwa Emanueli. Palikuwa na kwato nyingi pale, za ng'ombe wake mwenyewe. Nikachomeka fimbo chini nikasema, "Zimefia hapa."

Emanueli akatoka na mtoto begani. Hakuwa ameitikia yowe, na kwetu mwanaume asiyeitikia yowe ameshajihukumu. Akasema, "Nchagwa, mtoto anaumwa."

Nikamjibu, "Mura, siulizi mtoto, nauliza ng'ombe."

Watu wakacheka. Siku zote nilijua kuchekesha watu.

Mtoto huyo anaitwa Neema. Alikuwa dada yenu, wewe na Heche. Alikuwa wa kwanza wao, walimngoja miaka mitano, na alikuwa na umri wa miaka miwili. Alikuwa anakuja kwangu kuvuta mkia wa mbwa wangu, na mbwa alikuwa haumi mtu yeyote anayetoka kwa Emanueli.

Siku hiyo hiyo, jua halijazama, nilirudi mwambani peke yangu na ng'ombe wangu. Nikazunguka upande wa chini, nikaziona. Ukwato uliopasuka, wazi kabisa. Zilikuwa zinateremka kuelekea mto Mara, mbali kabisa na kwa Emanueli. Ningeweza kupiga yowe pale pale, watu wangesikia. Nikawapitisha ng'ombe wangu juu ya nyayo zile. Halafu nikawageuza nikawapitisha tena.

Nilifikiri hakuna aliyejua. Emanueli alijua kesho yake. Mama yako ndiye ameniambia, mwezi uliopita. Nilikuwa nimeshazoea kubeba uongo ambao hakuna anayeujua. Sasa napaswa kubeba kwamba aliujua, akanipita njiani wiki zile na kuniamkia shikamoo kama kawaida, na mimi nikanyamaza kwa sababu alikuwa ametengwa.

Ritongo ilisema alipe ng'ombe wanne, akalipa. Ikasema mji wake utengwe. Mtu asiwape moto, asichote nao maji, asiwaitikie salamu, asiwasaidie kuzika. Wiki ya tatu mtoto akazidiwa. Alimfunga mgongoni akampeleka zahanati kwa baiskeli. Jioni nikamwona anarudi anasukuma baiskeli taratibu, hajapanda, nikajua.

Alichimba peke yake. Boma langu liko juu kidogo, nililiona jembe likipanda na kushuka. Ardhi ya mwezi wa tisa ni tofali. Nilikaa kwenye kiti changu nikaangalia kuanzia mwanzo mpaka alipomaliza, na sikusimama. Gati alisimama, akachukua jembe letu. Nikamwambia, "Ukitoka na hilo jembe usirudi nalo." Akaliweka chini. Miaka thelathini na mitatu hajawahi kulitaja jembe hilo, na mimi sijawahi kushukuru kwamba hakulitaja.

Wiki iliyofuata wakahama. Hayo ndiyo malisho niliyokuandikia.

Alipoondoka, watu walianza kuniletea mimi barua zao niwasomee. Zenye habari mbaya nilikuwa nazisoma haraka ili waondoke.

Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye ritongo nikasema yote kama nilivyoandika hapa. Nikolaus akaniambia, "Mzee Nchagwa, umri umefika, kaa upumzike."

Nikamwambia, "Umri umefika, lakini akili bado iko mbele yako, mura. Andika."

Wakasema nimelogwa. Wakasema watoto wa Emanueli wamenipa kitu. Nilipodanganya nilisema mara moja tu na nikaaminiwa. Safari hii nimesema kweli mara tatu na bado wananibishia. Mpaka Nyangi mwenyewe akainuka, yule mjane mwenye ng'ombe, siku hizi anashikwa mikono miwili ndipo asimame. Akasema, "Emanueli aliniletea ng'ombe wanne, na wawili walikuwa na maziwa. Mwizi hulipa mtamba aliyekonda. Nilijua siku ile. Lakini nilikuwa na njaa, na Nchagwa alikuwa Nchagwa." Hakuna aliyecheka tena baada ya hapo.

Wameufungua mji wa Emanueli. Ndugu zake watakuja Issenye tarehe 22, na Nikolaus ndiye atawaongoza. Mimi wameniondoa kwenye viti vya wazee, nitakaa nyuma na wasikilizaji, na neno langu la nyayo halitapokelewa tena hata akipotea kuku. Tulipotoka kijana mmoja, aliyekwisha kusikia ile taratibu ya watatu ya Issenye, akaniuliza, "Mzee, njia ya nyumbani unaiona?" Nikamwambia ninaiona. Akasema, "Tuwaulize na wengine wawili." Wakacheka wote. Sikumjibu, na mimi najua kujibu.

Hata hivyo Nyanungu hakuna mzee mwingine aliyewahi kusimama kufuta neno lake mwenyewe. Mimi ni wa kwanza. Andika.

Hapana. Hilo usiandike.

Andika kwamba Emanueli Heche alikuwa mwanaume kuliko mimi, na kwamba niliyaona hayo angali hai, nikiwa na miguu ya kwenda na mdomo wa kusema, na Issenye ni basi moja mpaka Mugumu na pikipiki. Nilikuwa nasema nitakwenda baada ya mavuno. Mavuno yamepita thelathini na mawili.

Mahali alipo Neema panajulikana. Jumatatu nimepazungushia mawe, nimeyabeba mwenyewe, Gati akitembea kando bila kunisemesha. Mkija kumwona, atakayewapeleka ni Gati. Mimi nitasimama mbali.

Tarehe 22 siji. Mama yako hajaniita, na siku hiyo asipate kazi ya kuniangalia mimi.

Wanaoweza kusema kama nimeandika kweli ni hawa. Nikolaus, aliyeyaandika kwenye daftari la ritongo akitikisa kichwa. Nyangi, mwenye ng'ombe. Gati mke wangu, aliyeshika jembe nikamfanya aliweke chini. Na Klementina mama yako. Yeye usimwite asimame mbele ya watu. Soma tu mpaka mwisho, na kama hajainua mkono kukukatiza, basi ni kweli.

Nchagwa Wangwe